Alikuwa wa kwanza darasani, sasa analia kila Jumapili usiku: nimsaidieje binti yangu wa IB?

"Habari za kazi. Binti yetu ana miaka 17, yuko mwaka wa kwanza wa Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili) katika shule moja ya kimataifa hapa Dar es Salaam. Kidato cha Nne alipata Divisheni One ya pointi 9, tukajinyima tukampeleka huko Agosti iliyopita. Amechukua Hesabu, Kemia na Baiolojia ngazi ya juu kwa sababu baba yake anataka awe daktari. Ripoti imekuja na pointi 27, na Hesabu kapata 3. Tumemwekea tuisheni siku nne kwa wiki lakini naona hali inazidi kuwa mbaya. Analala saa saba, wakati mwingine saa nane usiku, na saa kumi na moja yuko macho kuwahi basi la shule. Kila Jumapili usiku analia. Asubuhi ya jaribio tumbo linamuuma; tumempima mara mbili, taifodi hana, minyoo hana, vidonda hana. Baba yake anasema amedekezwa, sisi tulisomea koroboi na hatukulia. Akikasirika humwambia tutakurudisha Kayumba, yaani shule za serikali. Mimi nafikiria tumnyang'anye simu, tuongeze mwalimu wa Hesabu, au tumtoe kabisa aanze Kidato cha Tano Julai. Dada yangu anasema nimpeleke kwa mwanasaikolojia, ila naogopa wasije wakamwanzishia dawa. Juzi alisema bora alale tu asiamke, lakini nadhani ni hasira. Nifanyeje?"

Mama, maswali yako yote nitayajibu, lakini naanza na sentensi uliyoipitia haraka pale mwisho, kwamba juzi alisema bora alale asiamke. Inawezekana kweli ni hasira. Vijana husema mengi wakichoka. Ila sisi tunaofanya kazi hii ya kuwasaidia vijana hatubahatishi maana ya neno kama hilo. Tunauliza, na wa kwanza kuuliza ni wewe, leo hii, si mwisho wa wiki.

Mtafute akiwa peke yake. Ndani ya gari panafaa sana kwa sababu hamtazamani usoni. Mwambie, "Mwanangu, juzi ulisema bora ulale usiamke. Ulikuwa umechoka tu, au huwa unawaza kufa? Umewahi kuwaza kujiua?" Litaje neno lenyewe, kisha unyamaze umsubiri. Wazazi wengi huogopa kwamba kulitaja ni kumfundisha. Sivyo. Kijana ambaye hana wazo hilo hatalipata kwa sababu mama yake kauliza, na aliye nalo mara nyingi hupumua kwa kupata mtu wa kumwambia. Akisema alichoka tu, mshukuru kwa kukujibu na umuulize tena baada ya siku chache. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, usimfokee, usimhubirie, wala usiahidi kwamba itabaki siri yenu wawili. Usimwache peke yake. Funga dawa zote za nyumbani, za presha za bibi zikiwemo, na sumu ya panya iondoke ndani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na hospitali yoyote kubwa yenye kitengo cha dharura ni pa kuanzia. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga.

Hata akikuhakikishia kwamba ni hasira, kwa yale mengine uliyoyaeleza ningependa aonwe na mtaalamu ana kwa ana ndani ya wiki hii au ijayo. Hilo nitalirudia huko chini nikifika kwenye suala la dawa.

Sasa tuje kwenye hizo pointi 27, maana nahisi nyumba nzima inaziogopa bila kuzielewa. Ninyi mmezoea mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, ambako pointi chache ndiyo ushindi: masomo saba bora yakiwa A zote ni pointi 7, na Divisheni One inaishia 17. Kwenye IB hesabu inakwenda kinyume. Kuna masomo sita, kila moja lina alama 1 hadi 7, jumla 42. Insha ndefu ya maneno 4,000 na somo la nadharia ya maarifa huongeza pointi zisizozidi 3, ndiyo zinafika 45. Anayetaka Diploma anahitaji angalau 24 pamoja na masharti mengine kadhaa, na wastani wa dunia nzima huwa kama 30. Halafu shule nyingi kwenye ripoti ya mwaka wa kwanza hujumlisha yale masomo sita tu, bila zile pointi za nyongeza, kwa hiyo uliza kama 27 yake ni kati ya 42 au kati ya 45. Kwa vyovyote, mtoto aliyeingia mtaala mpya Agosti akiwa na 27 mwaka wa kwanza haujaisha hajafeli. Yuko karibu na katikati ya watu ambao wengi wao wamesoma mfumo huo, au ule wa Cambridge unaofanana nao, tangu wakiwa wadogo.

Lingine ni kwamba alama ya IB si asilimia iliyofupishwa. Mzazi akiona 5 kati ya 7 anapiga hesabu, anapata asilimia 71, anasema "B". Haiendi hivyo. Mipaka ya alama hupangwa kwa kila mtihani, na katika Hesabu ngazi ya juu mtu anaweza kukosa maswali mengi tu na bado akapata 5 au 6. Lakini sitakuficha: ile 3 ni ishara ya kweli, na itabidi tuizungumzie.

Ripoti hii pia siyo inayokwenda kwenye cheti. Cheti kinatokana na mitihani ya Mei ya mwaka wa pili, pamoja na kazi zinazofanyika shuleni ambazo kwa masomo mengi huchukua kati ya asilimia 20 na 30. Inapogusa ni kwenye makadirio ambayo walimu huandikia vyuo vya nje mwanzoni mwa mwaka wa pili. Kwa hiyo miezi hii ina uzito wake. Ila haina uzito wa kumfanya mtoto alie kila Jumapili.

Kwa nini basi analia? Baba yake anasema amedekezwa, na wewe unaonekana kudhani hajasoma vya kutosha. Kwa maelezo yako mwenyewe, mtoto anayepata usingizi wa saa tatu au nne tu kwa usiku na kukaa tuisheni siku nne hana tatizo la bidii. Tatizo lake naliona sehemu mbili: anasoma akiwa na hofu, na anasoma kwa njia ya mtihani mwingine.

Hofu kwanza. Ubongo wake ukiona jaribio ni hatari, mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Adrenalini inapanda, kotisoli inafuata, moyo unaenda mbio. Damu inapungua tumboni na kuelekea kwenye misuli, utumbo unakaza. Hayo maumivu ya asubuhi ni ya kweli kabisa, hayajaigizwa, na ndiyo maana vipimo vya taifodi havitayaona. Jema kwamba mlimpima. Kama hakuna kutapika, kupungua uzito wala damu kwenye choo, na tumbo linatulia likizo, msirudie kupima tena na tena.

Hofu hiyo hiyo inagusa akili. Kutatua swali la Hesabu kunahitaji kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni kama meza ndogo: inabeba vitu vichache kwa wakati mmoja. Mtoto anaposoma swali huku anawaza "nikipata 3 tena baba atasema nini", nusu ya meza imeshajaa. Anaacha hatua, anasahau alama ya kutoa, anasoma swali mara tatu. Akitoka nje ya chumba cha mtihani jibu linamjia lenyewe. Muulize kama humtokea hivyo. Akisema ndiyo, ujue maarifa anayo na kinachomkwamisha ni kuyafikia. Hofu kidogo inasaidia, mtu asiye na wasiwasi wowote hafungui daftari. Ikizidi kiwango inakula kile kile ambacho ilikuwa ikisukuma.

Na hofu hii haitoki shuleni peke yake. Naomba usikasirike nikisema hivi. Kwenye barua yako umetaja kujinyima, umetaja udaktari wa baba yake, umetaja Kayumba. Wewe umeyataja mara moja; yeye anayasikia kila siku. Ada za shule hizi ni kubwa, na mtoto wa miaka 17 analijua hilo, anasikia baba anavyoongea na benki sebuleni, anaona gari limechelewa kubadilishwa. Hakuna aliyemwambia "unatudai", lakini kila alama ya chini anaisoma kama deni limeongezeka. Wengi wa vijana ninaokutana nao kutoka shule za kimataifa, wale ambao wazazi wao si mabalozi wala hawalipiwi na mashirika, mzigo wao mkubwa uko hapo, na hawausemi kwa sababu wanaona ni utovu wa shukrani.

Kuhusu koroboi: baba yake ana haki ya kujivunia alikotoka, na asiache kumsimulia. Ila simulizi ile ikitumika kama jibu la machozi, mtoto anasikia kwamba uchungu wake hauna kibali. Mwanasaikolojia Suniya Luthar, aliyetumia miaka mingi kuchunguza vijana wa shule zenye ushindani mkubwa huko Marekani, alikuta kwamba starehe za nyumbani haziwakingi na wasiwasi wala huzuni. Vijana hao walikuwa na matatizo hayo zaidi kuliko wenzao wa kawaida. Yeye na wenzake walikuta pia kwamba walioamini wazazi wao wanathamini mafanikio kuliko utu wema walikuwa na hali mbaya zaidi, hasa pale wazazi walipokuwa wakali wa kukosoa. Baba aliyesomea koroboi hakuwa na kundi la WhatsApp la darasa linalorusha picha za alama saa sita usiku. Kila kizazi na shida zake, na kushindanisha shida hakumsaidii mtu.

Kayumba iachwe kabisa. Kwanza ni dharau kwa mamilioni ya watoto wanaosoma huko na kufaulu, pengine baba mwenyewe akiwa mmoja wao. Pili, kama kweli mtakuja kufikiria kumrudisha mtaala wa nyumbani, mtakuwa mmeshaigeuza kuwa adhabu na hataweza kuipima kwa akili tulivu.

Badala yake jaribuni hivi kwa wiki mbili. Swali la "umepata ngapi?" lipumzike nyumbani. Alama zipo kwenye mfumo wa shule, mtaziona. Akiingia ndani jioni mwache ale kwanza. Kisha uliza kitu ambacho hakina tarakimu: kipindi gani leo kilimchosha, nani alimchekesha, chakula cha mchana kilikuwa nini. Akikuambia jaribio limemharibikia, uzuie ulimi usitoe suluhisho kwa dakika tano za mwanzo. "Pole. Ilikuwaje?" inatosha. Nakuonya kwamba siku za mwanzo atakutazama kwa wasiwasi akidhani ni mtego.

Usingizi sasa, na hapa sina upole. Kijana wa umri wake anahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku. Yeye anapata tatu au nne. Mtoto huyu hata angekuwa hana IB angelia. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga yaliyosomwa mchana, kwa hiyo kila saa anayoiiba usiku kusoma Kemia anaipunguzia Kemia yenyewe. Ni kweli kwamba saa ya mwili ya vijana husogea mbele. Homoni ya usingizi kwao huchelewa kupanda, na kumwambia alale saa mbili usiku ni kumsumbua. Lakini kati ya saa mbili na saa nane kuna nafasi kubwa.

Chukueni karatasi, muandike siku yake ilivyo. Basi linapita kabla ya saa kumi na mbili kwa sababu ya foleni. Shule inaisha mchana, kisha shughuli za ubunifu, mazoezi na huduma kwa jamii, ambazo IB inazidai. Kisha tuisheni. Anafika nyumbani saa ngapi? Anakula saa ngapi? Kazi za shule zinaanza saa ngapi? Nina hakika mtaona kwamba kazi zinaanza saa tatu au saa nne usiku, akiwa ameshachoka. Wewe unauliza uongeze mwalimu. Mimi nakuomba kuanzia kesho uondoe tuisheni ya siku mbili. Ibaki ya Hesabu tu, kwa mwalimu anayeujua mtaala wa IB, na muda mmoja mwingine kama yeye mwenyewe ataomba. Taa zizimwe saa nne na nusu, saa tano ikizidi sana, hata kama kazi haijaisha. Kazi isiyoisha saa hiyo ataipeleka kwa mwalimu pungufu, na wewe utamwandikia mwalimu kueleza. Kama kuna uwezekano wa kumpeleka kwa gari, au kumpangia kwa ndugu anayekaa karibu na shule siku mbili tatu za wiki, fikirieni. Dakika arobaini za asubuhi ni nyingi kuliko zinavyoonekana.

Simu usimnyang'anye. Ndiko waliko marafiki zake, ambao kwa mtoto mgeni kwenye shule ni wachache na wa thamani, na ndiko kazi nyingi za shule zinakotumwa. Wekeni utaratibu wa nyumba nzima: saa nne usiku simu zote zinachajiwa sebuleni, ya baba ikiwemo. Ikiwa ya baba inabaki kitandani, sahau. Na angalia vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo moja la saa kumi na mbili jioni, nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini saa tano usiku.

Nilisema pia anasoma kwa njia ya mtihani mwingine. Divisheni One ya pointi 9 haipatikani kwa bahati, huyu ni mwanafunzi hodari. Ila nina wasiwasi alifika pale kwa kusoma notisi mara nyingi hadi zikamkaa. Swali la IB likisema "tathmini kwa kiasi gani", yeye anamwaga yote anayoyajua kuhusu mada, kurasa mbili, safi kabisa, na anapata alama nne kati ya kumi na tano. Mwongozo wa kusahihishia ulitaka hoja mbili pande zote, ushahidi na uamuzi. Hajui kwa nini amekoseshwa, kwa hiyo anahitimisha kwamba hana akili, anarudi kukariri zaidi.

Mwombe akuonyeshe anavyosoma jioni moja. Ukiona daftari limepakwa rangi za njano na waridi na yeye anasoma tu kwa macho, ndipo penyewe. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na waliofunga kitabu wakajaribu kukikumbuka. Baada ya dakika tano warudiaji walikuwa mbele. Baada ya wiki walikuwa nyuma sana. Kurudia kunampa mtu hisia ya kujua. Afanye hivi: dakika ishirini za kusoma mada moja, afunge daftari, achukue karatasi tupu aandike anachokumbuka, kisha afungue asahihishe kwa kalamu nyekundu. Halafu swali moja la mtihani uliopita, pamoja na mwongozo wake wa kusahihishia. Ni njia inayoumiza kidogo kwa sababu inaonyesha mapengo, na kijana mwenye hofu huikwepa. Aanze na somo analolipenda, siyo Hesabu.

Shuleni omba kikao na mratibu wa IB na mshauri wa wanafunzi, ukiwa na binti, siyo mkimjadili akiwa hayupo. Suala la kwanza ni ile Hesabu. Kushuka kwenda ngazi ya kawaida kunawezekana, lakini Diploma inataka angalau masomo matatu ya ngazi ya juu, kwa hiyo akishusha Hesabu lazima somo jingine lipande. Hilo lina tarehe ya mwisho ya shule na kila wiki inayopita inaacha pengo zaidi la kufidia. Kwa maoni yangu, mtoto anayepata 3 baada ya miezi yote hii, na asiyetaka uhandisi wala fizikia, Hesabu ya ngazi ya juu haimlipi. Omba pia kalenda ya kazi zote zinazodaiwa hadi mwisho wa mwaka, maana vijana wengi wanalemewa na kazi nyingi kudaiwa wiki moja kuliko na ugumu wa masomo. Na kama tangu mdogo alikuwa msomaji wa polepole, au anaruka mistari, au maandishi yake hayafanani kabisa na anavyoongea, uliza kuhusu uchunguzi wa disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika. IB hutoa muda wa ziada kwenye mitihani kwa wenye ushahidi wa kitaalamu, ila maombi hupelekwa miezi mingi kabla.

Kuhusu udaktari: muulizeni yeye, baba akiwepo na akiwa amekubali kusikiliza tu. Ikiwa ni ndoto yake, kuna jambo la vitendo. Vyuo vya hapa nyumbani kwa udaktari huangalia Fizikia, Kemia na Baiolojia, na mchanganyiko wake wa sasa hauna Fizikia kwenye ngazi ya juu. Kama mpango ni asome hapa, nendeni TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, na NECTA mapema mpate maelezo ya ulinganifu wa vyeti kabla hamjagusa somo lolote. Ikiwa ni ndoto ya baba, ni afadhali mjue sasa.

Hapo ndipo Kidato cha Tano kinapoingia, na sikikatai. Kwa anayetaka udaktari nchini, PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ni njia iliyonyooka na ya gharama ndogo. Lakini pima haya: akianza Julai atamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzake wa IB, Kidato cha Tano siyo pa kupumzikia, na hofu aliyonayo ataondoka nayo. Ningeshauri msiamue mwezi huu. Mrudishieni usingizi, punguzeni tuisheni, mshughulikie Hesabu, aonane na mtaalamu, kisha Mei mkae watatu. Ikiwa bado anataka kuhama, ahame akiwa amechagua. Ikiwa ada yenyewe ndiyo inawazamisha, mwambieni ukweli huo kama watu wazima, kwamba ni fedha na siyo yeye.

Na sasa mwanasaikolojia. Hofu yako ya dawa naielewa, ila mwanasaikolojia hapa kwetu haandiki dawa. Anayeandika ni daktari, hasa daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Kwa wasiwasi wa namna hii tiba ya kwanza ni mazungumzo yenye mpangilio: kijana anajifunza kuzikamata fikra zinazomtisha, kuzipima, na kuyaendea taratibu yale anayoyakwepa. Mara nyingi ni vikao vya wiki kwa wiki kwa miezi michache. Dawa hufikiriwa hali ikiwa nzito, au mazungumzo yakiwa hayajasaidia, na hapo zitatajwa kwenu na mtaulizwa. Hatari ya dawa ninayoiona mimi ni nyingine, zile za kununua kimyakimya duka la dawa: Piriton za kumlaza, diazepam aliyopewa na shangazi, vidonge vya kukesha kutoka kwa rafiki. Hizo hapana.

Kumpeleka kwa mchungaji au shehe anayemwamini hakuna ubaya, na kwa vijana wengi ni faraja. Akiambiwa tu kwamba ni pepo na asiende hospitali, hapo mkatae kwa heshima.

Ukitafuta mtaalamu, uliza amesomea nini, amewahi kufanya kazi na vijana, na ataweka siri gani na ipi atakwambia. Jibu sahihi ni kwamba mengi yatabaki kwao wawili isipokuwa hatari ya uhai. Shule nyingi za kimataifa zina mshauri wao, anafaa kwa kuanzia, ila kijana mwingine hataki mtu wa shule ajue, mwachie achague. Msisubiri miadi ikiwa anaacha kula, anajikatakata, anashikwa na hofu hadi anashindwa kupumua, anagawa vitu vyake, au anarudia yale maneno ya kutoamka. Siku ya kwanza nenda naye wewe, ukae nje akiingia. Baba aitwe kikao cha pili au cha tatu, mtaalamu akishapata ridhaa ya binti, na aende bila ile ripoti mfukoni.